King'ora cha Upande wa Pili

Kwaya ilianza tena.

Inspekta Inonge Sitwala aliinua sindano ya gramafoni, akairudisha mwanzo, na wanaume wenye sauti nzito wakaanza upya kumsifu Bwana kwa Kibemba. Ilikuwa asubuhi bado, lakini kituo kizima cha polisi kilikuwa kimeshaukariri wimbo. Askari wa kaunta alikuwa anaitikia bila kujijua. Kule nyuma mahabusu mmoja alipiga kelele kwamba kama hiyo ndiyo adhabu yenyewe, basi yeye anakiri kila kitu.

"Umeokoka, madamu?" Sajini Hamoonga aliuliza mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

"Ingia ufunge mlango, Mtonga wewe."

"Haya, tumeanza. Mlozi aliyekuzwa kwa maziwa ya ng'ombe wetu, leo ananiita 'wewe'."

"Ng'ombe mliotuibia. Njoo utazame hii."

Mtonga na Mlozi ni watani, na hao wawili walikuwa wanapigana vijembe tangu siku walipopangwa pamoja. Leo lakini Inonge alitania kwa mdomo tu. Mguu wake ulikuwa unagonga sakafu chini ya meza, na kila alipoitazama saa ya ukutani aliiona imekimbia. Saa nane mchana Lombe Kapembwa angesimamishwa mbele ya hakimu kwa kosa la wizi, na ushahidi uliokuwepo haukumtosha hata Inonge aliyeukusanya.

Kisa chenyewe Kitwe nzima ilikuwa inakijua. Goodson Kapembwa, baba yake Lombe, alikuwa mpiga gitaa wa miaka ya sabini, wale wa suruali pana na nywele za kutisha. Alitoa albamu mbili. Ya tatu, aliyoiita Zamu ya Usiku, kampuni ya santuri ilimkatalia. Kanda ikafutwa, lakini kabla haijafutwa fundi mmoja wa kiwandani alimhurumia akamchapia sahani moja kwa siri. Moja tu, duniani kote. Ilikaa nyumbani kwake Wusakile, mtaa wa wachimbaji, ndani ya gramafoni ya kabati kwa zaidi ya miaka thelathini, hadi mwenyewe alipofariki mwezi uliopita. Wiki hii mjane wake alipeleka gramafoni kutiwa sindano mpya, akatoa sahani kwenye jalada jeupe lenye mwandiko wa marehemu, akaiweka, akakaa chini amsikilize mumewe. Ikatoka kwaya.

Mjane akamwita Mzee Webster Nsofwa, mkusanyaji wa santuri anayeheshimika kuliko wote Copperbelt, aje kuitazama. Nsofwa akatazama, akatikisa kichwa, akatamka kwamba kijana wa nyumba hiyo ndiye aliyeiuza. Lombe si alionekana hotelini na yule Mjerumani anayenunua santuri za zamani? Ndugu za marehemu hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Wakamkamata mkono mpaka kituoni.

"Shika pembeni, usiweke vidole katikati," Inonge alisema. "Unaona nini?"

Hamoonga aliigeuza sahani kwenye mwanga. "Sahani. Nyeusi. Ya mviringo. Nimefaulu?"

"Sasa shika hii." Akampa nyingine, kati ya zile alizozichukua nyumbani kwa marehemu. "Na hii. Na hii."

Hamoonga alilinganisha. Zile za nyumbani zote zilikuwa na weupe uliofifia kwenye michirizi, zimekwanguka kuanzia ukingoni hadi katikati. Ile ya kwaya ilikuwa inang'aa kama kioo cha kunyolea ndevu.

"Sarafu," alisema.

"Sarafu. Kumbe Mtonga naye ana macho."

Hakuna nyumba ya mitaa ya wachimbaji ambayo haikuwa na sarafu yake. Watu wakicheza, sakafu inatikisika, sindano inaruka; basi unaweka sarafu juu ya mkono wa gramafoni, sindano inatulia, dansi inaendelea. Na sahani inaliwa. Sote tulikua na santuri za kukwaruza, tukadhani ndivyo muziki ulivyo.

"Hii haijawahi kuchezwa Wusakile," Inonge alisema. "Imetoka kwa mtu anayeogopa sarafu. Tena imeoshwa kwa sabuni, nusa. Na lebo yake ni nyeupe tupu, haina jina la kampuni wala la wimbo, sawa kabisa na ile iliyopotea. Lombe mlevi, wanayesema anauza vitu vya baba yake apate bia, huyo ahangaike kutafuta sahani inayofanana, aioshe, airudishe kwenye jalada?"

"Angeuza na jalada juu."

"Na kabati lenyewe. Twende kwake selo."

Lombe alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu ambaye selo ilikuwa imemrudisha utoto. Alikuwa na kifungo cha nje kwa wizi wa nyaya za shaba za mgodini. Kosa jipya likimpata tu, kile cha zamani kingemwangukia pamoja nalo, na mama yake hakuwa na mtoto mwingine.

"Mjerumani tumempigia simu Lusaka," Inonge alimwambia. "Anasema ulimuuzia picha za baba yako."

"Picha nne, madamu. Na si nilikwambia? Nilikwambia ukaandika 'mtuhumiwa anakana'."

"Anasema alikuuliza kuhusu Zamu ya Usiku."

"Nikamwambia hiyo haiuzwi, ni ya mama. Akaongeza pesa, nikamwambia haiuzwi. Au hilo hakulisema?"

"Alilisema. Tatizo ni kwamba hakimu atasema mnalindana. Wewe uliwahi kuisikiliza?"

Lombe alicheka vibaya. "Ile? Walikuwa wanajifungia chumbani, yeye na mama, wanaicheza polepole. Mimi sikuitwa. Na sikutaka. Baba alikuwa na muziki, sisi tukawa na njaa. Mimi muziki wake siujui, madamu. Nikiusikia nasikia kelele tu."

Inonge alitoka bila kuaga. Kwenye korido alikuwa anatembea haraka hivi kwamba Hamoonga alimwaga chai.

*

Bana Lombe, mama yake, alikuwa anamenya karanga kwenye kibaraza, na hakuacha kumenya walipoketi.

"Mmekuja naye?"

"Bado, mama."

"Basi ulizeni mtakayo."

"Siku ya msiba," Inonge alisema. "Vyombo vilikuwa wapi?"

"Vyombo huwa wapi siku ya msiba? Nje. Makochi, meza, kabati, vyote vilitolewa, sebule ikabaki tupu wanawake wakae chini. Vile vyepesi vilikwenda kwa jirani. Vizito Nsofwa alikuja na gari lake akavibeba, akaviweka kwenye gereji yake. Gramafoni ndiyo aliibeba yeye mwenyewe, akakataa vijana wasiiguse. Nikasema huyu kweli rafiki."

"Alivirudisha lini?"

"Msiba ulipoanuliwa."

"Ukahesabu? Ukafungua gramafoni kuangalia?"

Bana Lombe alimkata jicho. "Wewe umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Mumeo akifa, utasimama mbele ya wakwe zako uhesabu vyombo? Kaburi halijakauka? Wangesema nimemuua ili nirithi gramafoni. Nilivipokea kama vilivyoletwa, nikashukuru, nikapiga goti."

Inonge alimtazama Hamoonga. Sajini alikuwa ameacha kutania tangu walipoingia. Mwizi huyo alikuwa anazijua desturi vizuri, alijua kwamba katika juma zima lile hakuna mtu wa heshima ambaye angethubutu kuhesabu chochote.

"Mama, kwenye ile sahani kuna nini? Nataka niijue nikiisikia."

"Gitaa. Upande wa kwanza gitaa linapiga kelele kweli, sikufichi. Upande wa pili linanyamaza, linabaki moja tu, chini kabisa. Halafu mwishoni..." Alitupa maganda. "Mjini wanasema mwishoni kuna king'ora cha mgodi. Kile cha kubadilisha zamu."

"Hata mimi nimesikia hivyo."

"Kila mtu amesikia hivyo, kwa sababu Goodson ndiye aliyewadanganya. Jina lenyewe Zamu ya Usiku, wakaamini. Hata makaburini Nsofwa aliposimama kutoa wasifu alisema, 'Leo king'ora cha Goodson kimelia mara ya mwisho.' Watu wakalia. Mimi nilikuwa nalia, lakini moyoni nilicheka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si king'ora. Ni Lombe." Sasa mikono yake ilikuwa imesimama. "Alikuwa na siku tatu tangu kuzaliwa, analia usiku kucha, na Goodson ana kinasa sauti chake cha kuazima. Akamnasa. Baadaye akaipunguza kasi kanda mpaka kile kilio kikawa kizito, kirefu, kama kitu kikubwa kinachoita watu waje. Akaniambia, 'Hii ndiyo zamu yangu ya usiku, tusimwambie mtu.' Kampuni ilipoikataa aliona aibu hata kumwambia mtoto. Alisema atamwambia ikitoka."

Inonge alisogea karibu naye.

"Hajawahi kumwambia mtu mwingine? Rafiki? Nsofwa?"

"Goodson? Huyo siri ilikuwa inazeeka naye. Mimi na yeye tu." Alifungua fundo kwenye pindo la kitenge, akatoa sarafu ya ngwee ya zamani sana, ile ambayo siku hizi hainunui hata njiti ya kiberiti. "Hii ndiyo sarafu yetu ya sindano. Siku ya msiba niliitoa kwenye gramafoni nikaifunga hapa, nikasema yeye ameondoka, hii itabaki. Kumbe ningeitoa sahani." Akaifunga tena. "Mtanirudishia mtoto wangu, au mnaniuliza tu mpate cha kuandika?"

"Ingia garini, mama," Inonge alisema. "Nitakuhitaji uitambue."

*

"Kaa, Inspekta, kaa. Siyo hapo! Hapo unaziba hewa ya rafu."

Mzee Webster Nsofwa aliishi Parklands, kwenye nyumba yenye mapazia mazito yaliyofungwa mchana. Alikuwa na tai shingoni ingawa hakuwa anakwenda popote. Kuta zote za chumba zilikuwa santuri, kutoka sakafuni hadi darini, zimepangwa na kusukumwa ndani hadi zikalingana. Alinawa mikono kabla ya kusalimia. Chai alisema hainywewi chumba hicho.

Bana Lombe alibaki garini. Hamoonga alisimama karibu na mlango, akijitia hamnazo.

"Mzee wangu, nimekuja kusoma," Inonge alianza. "Mimi ni mshamba wa muziki huu. Saa nane hakimu ataniuliza kilichoibiwa kina thamani gani, nami nitabaki natoa macho. Nifundishe Goodson Kapembwa."

Uso wa Nsofwa uliwaka. Hakuna mkusanyaji duniani anayeweza kuikataa sentensi hiyo.

"Tuanze na ya kwanza. Vumbi la Kwanza, sabini na tatu. Kila mtu atakwambia ni dhahabu. Wazungu wanaililia machozi. Mimi nakwambia ni upuuzi."

"Upuuzi?"

"Upuuzi wenye suruali pana. Gitaa anaiga, Kiingereza anachokiimba hakielewi mwenyewe, na mpiga ngoma anachelewa kila kona utadhani anasubiri mshahara. Kuna wimbo mmoja tu, upande wa kwanza, ambapo gitaa linajisahau likaanza kusema Kibemba. Linasema kidogo, likashtuka, likarudi kwenye kuiga. Zilizobaki tegeshea sufuria."

"Lakini unayo."

"Mkusanyaji huwa nayo. Sijaigusa tangu bendi ilipovunjika, na sitaigusa." Alikuwa anatembea huku na huku sasa, mikono nyuma. "Ya pili lakini. Shimo Halina Mlango, sabini na tano. Hapo vua viatu, mama. Alichukua spika ya redio akaichana kwa wembe, akapitisha gitaa mle ndani. Sauti inatoka imepasuka. Majirani walimpeleka kwa mwenyekiti wa chama. Upande wa kwanza hauna kosa. Hauna! Kuna mahali anapiga noti moja tu, anaiacha, anaisubiri, wewe mwenyewe unaanza kuogopa. Kiwandani walitoboa tundu la katikati likaenda pembeni kidogo, kwa hiyo sahani inayumba na sauti inapanda na kushuka. Wenzangu wanalalamika. Mimi nasema lile tundu alilitoboa Mungu."

"Na upande wa pili?"

"Ameuua! Ngoma peke yake, ngoma, ngoma, karibu upande mzima. Unajua kwa nini? Mpiga ngoma alikuwa shemeji yake. Ndivyo tunavyoua sanaa nchi hii. Shemeji!"

Hamoonga alikohoa kuficha kicheko. Inonge hakucheka. Macho yake yalikuwa yanapita kwenye rafu, hadi yakasimama kwenye safu fupi ya majalada meupe yasiyo na picha.

"Hizi nyeupe ni nini?"

"Sahani za majaribio. Kiwanda kinachapa moja mbili kwanza, zenye lebo tupu, watu wa kampuni wasikilize. Nilikuwa Ndola, kampuni ya santuri, kabla haijafungwa. Mimi nilikuwa msikilizaji." Aligusa sikio. "Kila kanda iliyotoka nchi hii ilipita hapa."

"Hata Zamu ya Usiku?"

Nsofwa aliinyoosha tai iliyokuwa imenyooka. "Hata hiyo."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyeikataa."

"Kamati iliikataa."

"Kamati ya watu wangapi?"

"Inategemea siku."

"Siku ile?"

Nsofwa aligeukia rafu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo kuliko zote alizotumia, "Mmoja."

"Marehemu alijua?"

"Hakujua. Barua zilisema 'kamati'. Alikuwa ananikaribisha kwake Krismasi." Akainua kichwa. "Lakini nilikuwa na haki! Niliweka kanda, gitaa likaanza kama drili ya mgodini, na mezani kwangu kanda zimejaa. Nikaandika 'kelele' nikazima. Sikufika hata mwisho wa wimbo wa kwanza. Tangu siku ile sijaisikia tena, mimi wala mtu yeyote."

"Upande wa pili hukuufikia kabisa?"

"Nimekwambia sikufika."

Inonge aliitazama saa yake. Ilikuwa inakaribia saa sita. Alijilazimisha kupiga miayo.

"Basi pole. Maana wanasema utamu wote uko huko. Nitamwambia hakimu tu ni sahani ya king'ora. Mtu kasimama getini na kinasa sauti, kanasa king'ora cha zamu, kabandika mwishoni mwa wimbo. Hata mimi ningeweza."

"Usimwambie hivyo."

"Kwa nini? King'ora ni king'ora, mzee wangu. Sajini, king'ora si king'ora?"

"King'ora ni king'ora tu, madamu," alisema Hamoonga. "Kwa kweli thamani yake siioni. Kelele."

"Ninyi watu!" Nsofwa alipiga kiganja kwenye meza. Tai ilikuwa imehama. "King'ora hakivuti pumzi! Mnasikiliza kwa kitu gani ninyi, kwa magoti? Yule anavuta pumzi katikati, unaisikia inaingia, inatetemeka, ndipo analia tena. Ni mtoto mchanga yule! Kaipunguza kasi, na gitaa linamjibu, linambembeleza, ni kitu kizuri kuliko..."

Alijiziba mdomo kwa kiganja.

"Nani alikwambia ni mtoto?" Inonge aliuliza taratibu.

"Goodson. Zamani. Aliniambia zamani."

"Zamani lini?"

"Miaka mingi."

"Mwezi uliopita ulisimama makaburini ukasema king'ora cha Goodson kimelia mara ya mwisho. Waliozika wote walikusikia. Kama ulikuwa unajua ni mtoto, kwa nini ulisema king'ora? Na kama ulikuwa hujui siku ile, basi Goodson alikwambia lini, mzee wangu? Kutoka ndani ya jeneza?"

Nsofwa alitazama mlangoni, Hamoonga alikuwa bado amesimama hapo.

"Gramafoni uliibeba mwenyewe, ukakaa nayo juma zima kwenye gereji yako. Ulijua hakuna atakayehesabu. Ukatafuta sahani ya lebo nyeupe katika hizi zako, ukaiosha, ukaiweka. Kosa lako ni hilo tu. Ungeweka yenye michubuko ya sarafu nisingekuja hapa."

"Mimi sina sahani zenye michubuko," alisema, na ilimuuma kweli.

"Unayo moja."

Inonge alikwenda kwenye rafu. Majalada yote yalikuwa yamesukumwa ndani sawasawa, isipokuwa moja lililojitokeza upana wa kidole, na ukingo wake ulikuwa umechakaa kwa kushikwashikwa. Vumbi la Kwanza. Ile asiyoigusa. Akaichomoa. Ndani mlikuwa na sahani ya lebo nyeupe, na michirizi yake ilikuwa imefifia weupe kuanzia ukingoni hadi katikati.

"Sajini, kamlete Lombe. Mwambie hakimu anaweza kwenda kula. Na umwite mama."

Hamoonga alitoka mbio.

"Kwa nini ulimtaja kijana?" Inonge aliuliza walipobaki wawili. Hasira ilikuwa imempanda sasa na hakuificha. "Sahani, sawa. Lakini mtoto wa rafiki yako?"

"Kila mtu alikuwa anasema anauza vitu vya baba yake." Nsofwa alikuwa amekaa, juu ya kile kile kiti kilichoziba hewa ya rafu. "Sikulazimika kusema sana. Mama yake alipotia sindano mpya nilijua nimekwisha, nikasema lililokuwa karibu na mdomo. Ningeirudisha, Inspekta. Nilitaka tu kujua kama nilikosea."

"Na ulikosea?"

Nsofwa aliitazama sahani iliyokuwa mikononi mwa Inspekta.

*

Lombe aliingia akiwa na pingu, akamwona mama yake, akatazama chini. Inonge alimfungua mwenyewe. Pingu zile zile, zikiwa bado na joto, alizifunga kwenye mikono ya Mzee Nsofwa, aliyekuwa amezitoa mbele kwa adabu.

"Bana Lombe," Inonge alisema, "kisheria natakiwa niifunge kwenye bahasha sasa hivi. Lakini kwanza lazima mtambuzi aitambue. Hii ndiyo?"

Bana Lombe hakuitazama lebo. Alipitisha ncha ya kidole kwenye mikwaruzo, akatikisa kichwa kukubali, lakini akasema, "Macho yanadanganya. Nataka niisikie. Upande wa pili."

Hamoonga aliiweka. Spika za Nsofwa zilikuwa kubwa kuliko mlango wa nyumba ya Wusakile, na mkwaruzo wa sarafu ulitoka humo kwa nguvu kabla ya muziki wowote. Kisha gitaa moja, chini kabisa. Lilikwenda muda mrefu bila haraka. Lombe alisimama akisugua vifundo vya mikono, akihamisha uzito mguu huu na huu. Halafu kikaja kile kitu kirefu, kizito, kikapanda, kikakatika, kikapanda.

"Hii?" Lombe aligeuka kwa Inonge. "Hii ndiyo iliyonilaza selo? Kelele za nini hizi?"

"Funga mdomo usikilize!" Nsofwa alifoka kutoka kitini kwake. "Hivyo hivyo ndivyo nilivyosema mimi, kijana. Neno hilo hilo. Nyamaza usikilize."

"Ni wewe," alisema Bana Lombe.

Lombe alimtazama mama yake.

"Una siku tatu. Hulali, hatulali. Baba yako amekushika mkono mmoja, mkono mwingine kinasa sauti. Hilo gitaa ni yeye, anakubembeleza. Alisema atakwambia ikitoka. Haikutoka."

Sauti ile ilivuta pumzi. Sasa aliyeijua aliisikia vizuri, pumzi inaingia, inatetemeka. Gitaa likaijibu. Lombe alichutama chini pale pale, viganja usoni, mabega yakimcheza, na Hamoonga akageuka kuyasoma majina ya santuri ukutani.

Sindano iliruka. Ikaruka tena, mahali pale pale, pumzi moja ikikatika na kurudi.

"Rudisheni," Lombe alisema ndani ya viganja. "Rudisheni pale alipoanza."

Mikono ya Nsofwa iliinuka yenyewe kutaka kuinua sindano, pingu zikaivuta. Bana Lombe alimpita, akafungua fundo la kitenge, akaitoa ile sarafu na kuituliza juu ya mkono wa gramafoni.

"Siyo sarafu!" mzee alilia. "Jamani, Inspekta, mzuie, ataichubua, ni moja tu duniani!"

"Ni yangu," alisema Bana Lombe, akaishusha sindano.